Mdomo wa Kasuku na Biashara ya Ndege Hai katika Ufuko wa Kusini wa Ziwa Victoria

Kasuku anayemng'ata mtu aliyemchukua hivi karibuni kumlea huhesabiwa na wengi kuwa ndege mkorofi, na dawa anazopewa, kuanzia kupigwa mdomo kwa kidole hadi kufunikiwa tundu lake mchana kutwa, hutokana na imani kwamba ukorofi huo amezaliwa nao. Historia ya Mwanza na visiwa vilivyo mbele yake inatoa maelezo tofauti, kwa kuwa kwa zaidi ya karne moja ufuko huu umekuwa mahali ambapo kasuku wamekusanywa na wataalamu wa kigeni, wamefukuzwa mashambani na wakulima, wamenaswa na wategaji, wamesafirishwa kwa wafanyabiashara na, mara chache, wamerudishwa msituni. Mtu akiifuata historia hiyo kwa makini ataona kwamba kung'ata ni jibu la ndege aliyenyimwa njia ya kukimbia, na kwamba namna ya kulitibu jibu hilo haiwezi kutenganishwa na swali la jinsi ndege huyo alivyofika mikononi mwa mwanadamu.

Kasuku wa ukanda huu si wa aina moja. Anayejulikana zaidi katika nchi kavu ya kusini mwa ziwa, kuanzia Mwanza na Shinyanga hadi mbuga za Serengeti, na pia katika visiwa vya Ukerewe na Kome, ni cherero wa Fischer, kasuku mdogo wa kijani mwenye urefu wa sentimita 15 hivi, mkia mfupi, kichwa cha rangi ya chungwa, mdomo mwekundu na duara la ngozi nyeupe kuzunguka jicho. Yupo pia kasuku wa Meyer, mwenye rangi ya kahawia mgongoni na mabaka ya manjano mabegani, ambaye hupenda miti mikubwa ya kingo za mito na mashamba. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, yule ambaye watu wengi humfikiria wanaposikia habari za ndege anayesema, ni ndege wa misitu ya mvua ya Afrika ya Kati na Magharibi. Upande wa mashariki makazi yake ya asili hukomea katika misitu ya Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ambako msitu wa Minziro ulioko mkoani Kagera umekuwa miongoni mwa vituo vyake vya mwisho. Kwa hiyo kasuku wa kijivu anayelelewa katika nyumba ya Mwanza karibu daima ametoka mbali, na safari yake ni sehemu ya tabia yake.

Cherero wa Fischer aliingia katika vitabu vya sayansi kwa njia inayopita karibu kabisa na Mwanza. Gustav Fischer, daktari na mpelelezi wa Kijerumani aliyekuwa ameishi Zanzibar tangu miaka ya 1870, aliondoka pwani mwaka 1885 akiongoza msafara wa kumtafuta Wilhelm Junker, mpelelezi mwenzake aliyekuwa amezuiliwa upande wa Sudani na vita vya Mahdi. Alifika Kagehi, kijiji cha ufuko wa kusini ambako mpelelezi Stanley naye alikuwa amepiga kambi mwaka 1875, lakini hakuweza kupita Buganda, akalazimika kurudi pwani kwa kuzunguka mashariki mwa ziwa. Alifariki mjini Berlin mwezi Novemba 1886, muda mfupi baada ya kurejea, na mwaka uliofuata mtaalamu wa ndege Anton Reichenow alimpa kasuku huyo mdogo jina la kisayansi lililomkumbusha Fischer. Wakazi wa Usukuma na Ukerewe, bila shaka, walikuwa wakimfahamu ndege huyo vizazi vingi kabla ya hapo, wala hawakuwa na haja ya msafara ili kumwona, kwa sababu alikuwa akishuka kwa makundi katika mashamba yao.

Uhusiano huo wa shambani ndio mwanzo halisi wa habari ya mdomo. Cherero hula mbegu za nyasi, na mtama, uwele na mahindi yanapokomaa huwa hawaoni tofauti kati ya nyasi na nafaka ya mkulima. Kazi ya kuamia ndege, yaani kukaa shambani tangu alfajiri ukiwafukuza kwa kelele, kombeo na mawe, ilikuwa kwa muda mrefu kazi ya watoto katika vijiji vya Kisukuma na Kikerewe. Katika mazingira hayo ndege na mwanadamu waliishi pamoja bila kugusana: ndege aliona hatari kutoka mbali, akaruka, akatua kwenye mti mwingine, akarudi baadaye. Porini ni nadra kasuku kumuumiza adui kwa mdomo, kwa sababu mabawa yake humtosha. Hata wakigombania shimo la kutagia au tawi la kulalia, kasuku wengi hutanguliza ishara za mwili, na mmoja wao huondoka kabla damu haijamwagika. Jambo hili ni la msingi, na wafugaji wengi hulisahau.

Mambo yalibadilika pale soko la mbali lilipompa ndege huyo bei. Cherero wa Fischer walianza kufika kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani katika miaka ya 1920, katika kipindi kilekile ambacho reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, mwaka 1928, na kuuunganisha mji huo na bandari ya Dar es Salaam. Kilele cha biashara, hata hivyo, kilikuja baada ya uhuru. Katika miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza nje ndege wengi zaidi wa porini, na cherero wa Fischer alikuwa miongoni mwa kasuku wa mwituni waliouzwa kwa wingi kabisa duniani. Ni vigumu kumlaumu mtegaji wa kijijini, ambaye aliuziwa wazo kwamba mharibifu wa mtama wake anaweza kumletea fedha, na ambaye sehemu yake katika bei ya mwisho ilikuwa ndogo mno; faida kubwa ilibaki kwa wasafirishaji na kwa maduka ya ng'ambo.

Namna ya kunasa ndege hawa inahitaji kuelezwa, kwa kuwa ndiyo iliyoandika kurasa za kwanza za tabia ya ndege aliyekuja kuitwa mkorofi. Cherero ni ndege wa kundi, na wategaji walitumia udhaifu huo: ndege aliyekwisha kunaswa huwekwa karibu na maji au nafaka ili aite wenzake, na kundi likishuka huangukiwa na wavu. Kasuku wa kijivu katika misitu ya Kongo na Kameruni wamenaswa kwa mbinu inayofanana na hiyo, pamoja na ulimbo, ambao ni gundi ya utomvu inayopakwa kwenye matawi ili miguu na manyoya yagande. Baada ya hapo manyoya ya kurukia hukatwa, mara nyingi kwa panga au kisu na bila uangalifu, na ndege hushikwa shingoni, husukumwa ndani ya kreti pamoja na wengine wengi, hukaa siku kadhaa bila maji ya kutosha na hupita mikono mingi kabla ya kufika uwanja wa ndege. Kwa kasuku wa kijivu, makadirio ya vifo vinavyotokea kabla ya ndege kusafirishwa nje yamekuwa kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya wote walionaswa. Aliyesalimika ni ndege ambaye kila mkono wa mwanadamu aliowahi kuuona ulimletea maumivu, na ambaye hawezi tena kuruka.

Hapo ndipo mdomo unapochukua nafasi ya bawa. Mdomo wa kasuku ni kiungo cha kazi nyingi: taya la juu halikugandamana na fuvu kama la wanyama wengi, bali limeungwa kwa kiungo kinachomwezesha kuliinua na kulishusha, na ulimi mnene hufanya kazi pamoja nalo katika kugeuza mbegu na kuipasua. Kasuku hutumia mdomo kupandia miti, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu cherero wa kusini mwa Afrika ulithibitisha kwamba wanapopanda mahali penye mwinuko mkali, shingo na mdomo hubeba uzito kwa nguvu inayolingana na ya mguu. Kwa sababu hiyo si kila mguso wa mdomo ni uadui. Kasuku anayenyoosha mdomo kuelekea kidole kabla ya kukipanda huwa anapima kama tawi hilo litamhimili, na mtu anayeushtua mkono wake nyuma wakati huo humwonyesha kwamba tawi haliaminiki, hivyo mara nyingine ndege atalikamata kwa nguvu zaidi. Ng'ato halisi huja na dalili zake: mboni za macho husinyaa na kupanuka kwa haraka, manyoya ya kisogoni husimama, mkia hufunguka, mwili huinama mbele au hukauka kabisa. Ndege aliyeonyesha dalili hizo mara kumi bila kusikilizwa hujifunza kuziacha, kwa kuwa hazikumsaidia, na kuanzia hapo hung'ata bila onyo. Mwenye nyumba husema ndege amebadilika ghafla, wakati ghafla hiyo ilitayarishwa kwa miezi mingi.

Mwanza ina historia nyingine, iliyo adimu zaidi, inayohusu wanyama waliokwisha kukaa kifungoni. Kisiwa kidogo cha Saanane, kilicho hatua chache kutoka katikati ya mji na kinachobeba jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa mwenyeji wake, kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na katika miaka iliyofuata kilitumika pia kama kituo cha kupokelea wanyama waliokuwa wakipelekwa Rubondo. Rubondo, kisiwa kikubwa chenye msitu mnene katika kona ya kusini-magharibi ya ziwa, kilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1965 na hifadhi ya taifa mwaka 1977. Bernhard Grzimek wa Shirika la Wanyama la Frankfurt alikiona kuwa hifadhi ya dharura kwa spishi zilizokuwa zikiteswa bara, na miongoni mwa waliopelekwa huko walikuwamo twiga, tembo, mbega na sokwe 17 waliofika kati ya mwaka 1966 na 1969 kutoka katika bustani za Ulaya. Sokwe hao walikuwa wamezaliwa katika misitu ya Afrika Magharibi, wakakamatwa wakiwa wadogo na kukaa kifungoni kwa vipindi tofauti, na katika miaka ya mwanzo baadhi yao waliwashambulia watu kisiwani. Vizazi vilivyozaliwa Rubondo vilikua katika msitu, vikawa vinawaepuka watu kiasi kwamba watafiti walihitaji miaka mingi kuvizoesha kuangaliwa. Somo la sokwe hao linafaa kukumbukwa na yeyote anayezungumzia mdomo wa kasuku, kwa sababu linaonyesha kwamba hasira dhidi ya mwanadamu inaweza kuwa alama ya kifungo, wala hairithiwi na watoto waliokua huru.

Mwaka 2000 zamu ilikuwa ya kasuku. Kasuku wa kijivu 37 waliokuwa wametoka Kameruni walikamatwa mapema mwaka huo katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta mjini Nairobi wakiwa mikononi mwa mfanyabiashara, wakauguzwa hadi wakapata nguvu, na kisha wakapelekwa kuachiwa Rubondo. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa sababu mbili. Kwanza, Rubondo iko kwenye ukingo wa mashariki wa makazi ya asili ya ndege huyo, na msitu wake una miti mikubwa yenye mashimo ya kutagia. Pili, maji yanayokizunguka kisiwa ni ulinzi dhidi ya wategaji. Lenye uzito zaidi kwa mada hii ni kwamba katika kazi ya kurudisha ndege porini kipimo cha ubora hugeuka: kasuku anayetoa mdomo mkono unapomsogelea ndiye anayefaa zaidi kuachiwa, na aliyezoea bega la mtu ndiye anayetia wasiwasi, kwa kuwa atamfuata mtegaji wa kwanza atakayemwita. Kile ambacho sebuleni huitwa kasoro, kisiwani ni kinga ya uhai.

Mawazo ya kumtibu kasuku anayeng'ata yana historia yake pia. Vitabu vya Kijerumani vya karne ya 19, vikiwemo vya Karl Russ aliyeandika mwaka 1882 kuhusu kasuku wanaosema, vilitungwa wakati ambapo karibu kila kasuku wa sokoni alikuwa amenaswa porini, na hivyo sehemu kubwa ya elimu ya ufugaji ilihusu kumtuliza ndege aliyeogopa. Katika biashara yenyewe glovu za ngozi zilikuwa jambo la kawaida; zilimwokoa mshikaji, lakini zilimfundisha ndege kuchukia mikono yote, na hadi leo kasuku aliyepitia kreti za wafanyabiashara huweza kupiga kelele za hofu akiona glovu tu. Baadaye, hasa katika miaka ya 1980 na 1990, waandishi wengi wa Marekani walieneza nadharia kwamba kasuku anayeng'ata anataka utawala juu ya kundi, na kwamba mwenye nyumba amwonyeshe nani mkubwa, asimruhusu kukaa juu ya usawa wa macho yake na asikubali kukataliwa. Nadharia hiyo haina msingi imara, kwa kuwa makundi ya kasuku porini hayaongozwi na mbabe mmoja, na madhara yake yamekuwa makubwa kwa ndege waliolazimishwa kupanda mkono huku wakitetemeka.

Njia iliyochukua nafasi yake ilitoka katika elimu ya tabia iliyojengwa na B. F. Skinner, inayosema kwamba tendo linalomletea mnyama faida hurudiwa na lisilomletea faida hufifia. Irene Pepperberg, aliyefanya kazi na kasuku wa kijivu aitwaye Alex kuanzia mwaka 1977 hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007, aliudhihirishia ulimwengu kwamba kasuku anaweza kutaja rangi, maumbo na idadi, na pia kusema kwamba hataki kitu na kuomba arudishwe mahali pake. Uwezo huo wa kukataa una maana kubwa. Ndege ambaye kukataa kwake kunaheshimiwa hahitaji kung'ata ili aachwe.

Likitafsiriwa katika maisha ya nyumba ya Nyakato au Ilemela, huko Mwanza, jambo hilo lina utaratibu unaoeleweka. Kasuku mgeni huwekewa tundu kubwa lililoegemea ukuta, ili pawepo upande ambao hatari haiwezi kutokea, na kwa siku za mwanzo mtu hukaa karibu akifanya shughuli zake bila kuingiza mkono. Chakula anachokipenda zaidi, kama vile karanga au mbegu ya alizeti, huondolewa katika bakuli la kila siku na kutolewa kwa mkono tu, kwanza kupitia nyavu za tundu, kisha mlangoni, mtu akisimama daima pale ambapo ndege bado ametulia na kurudi nyuma dalili za hofu zinapoanza. Kijiti hutangulia kidole: ndege hufundishwa kupanda kijiti kifupi na kulipwa kila anapopanda, na kijiti hupunguzwa urefu hadi mkono uwe karibu yake. Iwapo ng'ato itatokea, mkono hautolewi kwa kishindo wala sauti haipandishwi, kwa sababu kelele huweza kuwa malipo kwa ndege mpweke na kitisho kwa ndege mwoga. Mtu humshusha kwa utulivu, humpa nafasi, kisha hujiuliza ni dalili gani iliyompita. Usingizi wa saa 10 hadi 12 katika giza na ukimya, matawi mabichi yasiyo na sumu ya kutafuna, na uchunguzi wa daktari wa mifugo ni sehemu ya tiba hiyohiyo, kwa kuwa maumivu na uchovu hung'atisha ndege aliye mpole. Kazi hii huchukua wiki kwa ndege aliyezaliwa kifungoni, na miezi au hata miaka kwa aliyenaswa porini akiwa mkubwa.

Kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 au zaidi, na ndiyo maana wengi wao hurithiwa: mwenyewe huhamishwa kikazi, hufariki au hushindwa na kelele, na ndege huhamia nyumba ya pili au ya tatu akiwa na kumbukumbu za zile za kwanza. Mlezi mpya hupokea historia asiyoandikiwa. Kuhamishwa huko ni jeraha la kweli, na linastahili subira kuliko adhabu.

Sheria nayo ilikuja polepole nyuma ya biashara. Tanzania ilitunga Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori mwaka 1974, ikajiunga mwaka 1979 na mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, maarufu kwa jina la CITES, na mwaka 1981 karibu kasuku wote waliwekwa chini ya usimamizi wa mkataba huo. Mwaka 1992 Marekani ilibana uingizaji wa ndege wa porini, na mwaka 1993 biashara ya cherero wa Fischer kutoka Tanzania ilisimamishwa kupitia CITES. Makadirio ya katikati ya miaka ya 1990 yaliweka idadi ya cherero hao porini kati ya 290,000 na milioni moja hivi, tofauti pana inayoonyesha jinsi biashara ilivyotangulia hesabu. Umoja wa Ulaya ulizuia ndege wa porini kwa muda mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege na moja kwa moja mwaka 2007. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Na mwezi Oktoba mwaka huohuo, katika mkutano wa Johannesburg, kasuku wa kijivu alipandishwa hadi Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ambacho huzuia biashara ya kimataifa ya ndege walionaswa porini. Askari wanaosimamia sheria hizo wengi wao hupata mafunzo Mwanza penyewe, katika Taasisi ya Pasiansi iliyoanzishwa mwaka 1966.

Kwa hiyo yeyote anayeombwa kumchukua kasuku katika miji ya ufuko huu aulize kwanza ndege huyo ametoka wapi na ana karatasi gani, kwa kuwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1974, inataka mnyamapori amilikiwe kwa kibali, na ndege asiye na asili inayojulikana apelekwe kwa maofisa wa wanyamapori badala ya kununuliwa. Anayemnunua ili amwokoe humlipa mtegaji gharama ya wavu wa pili, na kasuku mwingine ataanza njia ileile ya ulimbo, panga na kreti.